Tasnifu ya Sayansi Mwaka wa Mwisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shahada yangu ya kwanza niliimaliza katika chuo kimoja hapa Tanzania, mradi wangu ukiwa maji ya visima vifupi vya mtaani. Sasa ni mhadhiri msaidizi, na sehemu kubwa ya siku yangu naipitisha maabara na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Haya ndiyo wanayoniuliza koridoni, kwenye WhatsApp saa tano usiku, na mara nyingine wakiwa wameshachelewa. Mifano mingi ni ya maji na bakteria kwa sababu ndiko nilikoungulia vidole. Wa kemia, botania au jiolojia ageuze majina tu, shida ni zile zile.

Tasnifu, mradi wa mwaka wa mwisho, ripoti ya fildi: ni kitu kimoja?

Mbili za kwanza ni kitu kimoja, majina hutofautiana chuo hadi chuo. Ripoti ya fildi ni jambo jingine: unaeleza ulichokiona na kukifanya ulikopelekwa. Kwenye tasnifu unauliza swali lako mwenyewe na kulijibu kwa data ulizokusanya mwenyewe. Idadi ya kurasa na mpangilio wa sura viko kwenye mwongozo wa idara yako. Uombe wiki ya kwanza, usingoje mwezi wa mwisho.

Nianze kutafuta mada au msimamizi?

Kama idara inakupangia, swali limeisha. Kama una uchaguzi, anza na msimamizi, au niseme ukweli, anza na friji yake. Mradi wa shahada ya kwanza hauna fedha za maana, na mada nzuri ambayo vitendanishi vyake, yaani kemikali za maabara, haviko kwenye friji ya mtu itabaki ndoto. Soma makala zake mbili za karibuni, kisha nenda umuulize: "Kwenye kazi hii, kuna kipande gani kimebaki ambacho mwanafunzi mmoja anaweza kukimaliza kwa miezi mitano?" Wasimamizi wengi wana kipande cha aina hiyo ambacho hawajapata wa kukishika. Changu nilikipata hivyo hivyo, nilipoenda kuuliza kitu kingine kabisa.

Msimamizi anasema mada yangu ni pana. Mimi naona iko sawa.

Ifanyie hesabu, utaona mwenyewe. Chukua mada ninayoletewa kila mwaka: "Athari za uchafuzi wa maji kwa afya ya wakazi wa Dar es Salaam." Hiyo ni kazi ya taasisi nzima kwa miaka kumi. Ibane kwa maswali. Maji gani? Ya visima vifupi. Wapi? Mtaa mmoja. Uchafuzi gani? Koliformi wa kinyesi, yaani bakteria wanaoashiria kwamba kinyesi kimeingia majini. Unalinganisha nini na nini? Visima vilivyo ndani ya mita 15 kutoka chooni na vile vilivyo mbali zaidi. Sasa tuna swali.

Halafu hesabu sahani, vile visahani ambamo kichujio huwekwa ili bakteria waote na wahesabike. Visima 12, kila kimoja utakichota mara 2, kiangazi na masika, na kila safari chupa 3. Hizo ni sampuli 72. Kila sampuli utaichuja kwa ujazo wa aina mbili kwa kuwa hujui ina bakteria wangapi, kwa hiyo sahani za petri ni 144, bila zile za kujihakiki. Sampuli za maji kwa kazi hii inapendekezwa zifike kwenye kichujio ndani ya saa 6, na zisivuke saa 24, zikiwa kwenye ubaridi muda wote. Kwa foleni za Dar, visima 4 kwa siku vinakutosha. Siku 3 kiangazi, siku 3 masika. Inawezekana.

Ungesema visima 60? Siku 15 kila msimu, sahani 720, na inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, ni moja ya idara nzima yenye wenzako tisa wanaoisubiri. Msimamizi akisema "punguza" hadharau akili yako. Ameshapiga hesabu hiyo kichwani wakati wewe unaendelea kueleza.

Kazi ya msimamizi ni ipi hasa?

Kukuzuia usiingie shimo ambalo yeye ameshaliona, kusoma unachomletea, na kuweka saini pale kazi inapofikia kiwango. Hasahihishi sarufi yako ukurasa kwa ukurasa, hakukusanyii data, na hawezi kuota kwamba umekwama.

Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Msimamizi husahihisha kilicho mbele ya macho yake. Ukienda mikono mitupu na kusema "naendelea vizuri, Dokta", atakujibu "haya, vizuri", na mtaagana kwa amani, na wiki imepotea. Nenda na karatasi moja. Hata iwe na jedwali baya, hata grafu iliyopinda. Penye kosa lililoandikwa ana pa kuweka kidole.

Nimwandikieje ujumbe ili ajibu?

Ujumbe wa kawaida huwa hivi:

"Shikamoo Dokta, samahani sana kwa usumbufu, nilikuwa naomba kuonana na wewe kuhusu risachi yangu, kuna sehemu nimekwama kidogo."

Adabu imejaa, swali halimo. Atausoma akiwa kikaoni, atasema nitamjibu baadaye, na baadaye haiji. Linganisha na huu:

"Shikamoo Dokta. Ni yule wa visima. Jana nimechuja visima 4. Sahani za mililita 100 zote zimejaa, hazihesabiki, picha nimeweka. Nataka nishuke hadi mililita 10 na 1. Nimebakiwa na vichujio 40. Niendelee kesho asubuhi au nikuone kwanza?"

Huu anaujibu akiwa kwenye foleni ya benki: "Shuka. Kisima cha 3 ongeza na 0.1." Maneno machache, na siku yako ya kesho imepona.

Shikamoo iache palepale, haikupunguzii kitu. Kama msimamizi ni kijana ambaye mnakaribia umri, "habari za kazi" inatosha, lakini cheo chake usikidondoshe mpaka akuambie mwenyewe. Na jambo zito, kama kubadili mada au mbinu, lisibaki WhatsApp. Liandike kwenye barua pepe ili liwe na kumbukumbu.

Wiki ya tatu hajibu. Nifanyeje?

Kwanza rudi usome ulichomtumia. Kama hakina swali, kosa ni lako, tuma kingine. Kama kina swali, nenda ofisini kwake saa alizobandika mlangoni, na ujumbe wako umeuchapisha. Ikishindikana, mwone mratibu wa miradi wa idara. Usiende na malalamiko, nenda na orodha ya tarehe: siku hii nilituma hiki, siku hii nilifika, hakuwepo. Mratibu hapendi kuamua ugomvi, lakini tarehe anaweza kuzifanyia kazi, hata kukupa msimamizi mwenza.

Wakati unangoja, usikae bure. Msimamizi wangu alisafiri nje ya nchi kwa wiki saba katikati ya mradi. Aliyeniokoa ni fundi sanifu wa maabara, mzee ambaye hakuwa na shahada yoyote na alikuwa amemwaga agari, ule ute wa kuoteshea bakteria, nyingi kuliko maprofesa wote wa jengo lile. Msalimie fundi sanifu kila asubuhi, na si siku unayotaka funguo tu.

Nahitaji kibali?

Karibu kila mara ndiyo, ukitoka nje ya geti la chuo. Kwa kawaida unaanza na barua ya utambulisho ya chuo. Inakwenda kwa Katibu Tawala wa mkoa au kwa mkurugenzi wa halmashauri, inashuka kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kila mmoja akiongeza mhuri. Tenga wiki kadhaa. Na mwenyekiti wa mtaa, ambaye hana mhuri mkubwa, ndiye atakayekutembeza kwenye visima na kuwaambia watu kwamba hukutumwa na mamlaka ya maji kuja kuvifunga.

Ukigusa binadamu, yaani damu yao, kinyesi chao, au taarifa za afya zao, unaingia kwenye idhini ya maadili. Kitaifa ngazi hiyo iko NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na vyuo vingi vya afya vina kamati zao. Utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndiyo inayosimamia vibali vya utafiti nchini, na msimamizi wako anajua kama mradi wa ukubwa wako unafika huko au barua ya chuo inatosha. Kenya mlango ni NACOSTI, tume yao ya sayansi. Zanzibar ina utaratibu wake, usidhani barua ya Bara inavuka maji.

Data zilizochukuliwa kabla ya idhini hazihalalishwi na idhini ya baadaye. Nimeona mwanafunzi akirudia fildi nzima kwa hilo.

Sampuli ngapi zinatosha? Nitumie fomula ya Yamane?

Fomula ya Yamane, ile ya kupata ukubwa wa sampuli kutokana na idadi ya wote, imekuwa kama chumvi, kila mtu anaitia hata kwenye chai. Tuione. Kata ina visima 400, kosa unaloliruhusu ni 0.05. Unagawa 400 kwa 1 + (400 × 0.0025), yaani kwa 2, unapata 200. Fomula hiyo ni ya kukadiria sehemu ya watu wenye jibu fulani. Inafaa ukiuliza kaya ngapi huchemsha maji. Haikuambii unahitaji visima vingapi ili kuona tofauti kati ya vya karibu na choo na vya mbali. Hilo linategemea tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani na visima vinatofautiana vipi vyenyewe kwa vyenyewe. Fanya jaribio dogo la visima viwili vitatu, mpelekee msimamizi namba, mpatane.

Sasa shimo kubwa zaidi, ambalo kila mwaka anatumbukia mtu. Chupa tatu za kisima kimoja si visima vitatu. Kwenye mfano wetu una sampuli 72, lakini visima ni 12, na swali lako linahusu visima. Ukiziingiza zile 72 kwenye programu ya takwimu kana kwamba ni visima 72, kompyuta haitapiga kelele. Itakupa thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) ndogo, ya kupendeza, na mtahini wa nje atakuumbua mbele za watu. Chukua wastani wa chupa za kisima kimoja kwanza, ndipo ulinganishe.

Kitu kingine: hesabu za bakteria hazipangiki kama urefu wa watu. Kisima kimoja kina 0, cha jirani kina 3,000. Wastani wa kawaida unaburutwa na huyo mmoja. Muulize msimamizi kama mtazigeuza kuwa logi (logarithimu) au mtatumia jaribio la Mann-Whitney, linalolinganisha makundi mawili kwa mpangilio wa namba badala ya wastani, na muulize kabla ya kwenda fildi.

Daftari la maabara lina umuhimu gani, si naandika Excel?

Excel inafuatia. Daftari kwanza, la kurasa zilizoshonwa, peni isiyofutika, tarehe juu ya kila ukurasa. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa lisomeke.

Nieleze ya kwangu. Siku ya pili ya fildi nilibeba chupa 12 ndani ya deli, barafu ya mia mia imezizunguka. Majina nilikuwa nimeyaandika kwa maka peni juu ya gundi ya karatasi. Tulikaa kwenye foleni, barafu ikawa maji, na nilipofungua deli maabara vipande vya gundi vilikuwa vinaelea kama majani ya chai. Chupa moja tu ndiyo ilikuwa na jina. Nikamwambia msimamizi kwamba naweza kukumbuka nyingine kwa mpangilio nilivyozipanga. Aliniangalia, akasema, "Mwaga." Nikamwaga chupa 11.

Tangu siku ile naandika kwa wino usiofutika juu ya chupa yenyewe, na narudia namba kwenye kikaratasi cha penseli kilichofungwa shingoni. Kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Na kwenye daftari naandika saa niliyochota, saa niliyochuja, na kama mvua ilinyesha usiku. Hayo matatu ndiyo utakayoyatafuta miezi minne baadaye ukijiuliza kwa nini kisima cha 9 kimechachamaa.

Matokeo yamekuja mabaya. Nimefeli?

Tutenganishe "mabaya". Kama hukuona tofauti uliyoitarajia, hujafeli chochote. Umeuliza swali, jibu limekuwa "sikuona tofauti kwa visima hivi 12". Andika hivyo, na ueleze ulikuwa na uwezo wa kuona tofauti ya ukubwa gani. Usiigeuze thamani ya p ya 0.07 iwe 0.04 kwa kukiondoa kisima kimoja "kilichokaa vibaya", na msimamizi akikushauri ukiondoe bila sababu iliyoko kwenye daftari, muulize kwa upole aandike ushauri huo kwenye barua pepe.

Mabaya ya pili ni ya maabara: sahani zimejaa hadi hazihesabiki, au sahani ya kujihakiki, uliyochujia maji tasa, nayo imeota. Iliyojaa inarekebishika kwa kupunguza ujazo. Kwa koliformi wa kinyesi, sahani nzuri ina makoloni, yaani vidoa vya bakteria walioota, kati ya 20 na 60. Ukichuja mililita 10 ukapata 32, andika 320 kwa mililita 100. Sahani ya kujihakiki ikiota, siku hiyo nzima imekufa. Tafuta chanzo: pengine otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, haikufika nyuzi 121, au kifaa cha kuchujia hakikuchomwa kati ya sampuli. Rudia, na tukio lenyewe liandike kwenye sura ya mbinu. Watahini hupenda kuona mtu aliyejigundua.

Mabaya ya tatu ni namba za kupika. Hapo sina la kukusaidia.

Nianze kuandika sura ipi?

Mbinu. Iandike wiki ile ile unayofanya kazi, wakati bado unakumbuka inkubeta ilikuwa nyuzi 44.5 na saa 24. Kisha matokeo, kisha mjadala, kisha utangulizi. Ikisiri mwisho kabisa. Wanaoanza na utangulizi huandika kurasa kumi na tano kuhusu maji duniani na hufika mwezi wa tano hawajagusa kisima.

Mpelekee msimamizi sura moja moja. Anayepokea kurasa 60 kwa mkupuo wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho atasoma kumi za mwanzo, na si kwa ubaya.

Rasimu imerudi nyekundu tupu. Nianzie wapi?

Lala kwanza. Asubuhi, yagawe maoni. Kwa msimamizi wangu yalikuwa matatu tu, yakijirudia kila ukurasa. "Nani kasema?" maana yake weka rejeleo au futa. "Hii ni mbinu au matokeo?" maana yake umechanganya sura. Na "Kwa hiyo?", ambalo liliniliza. Nilikuwa nimeandika kwamba kisima cha 3 kilikuwa na koliformi 2,100 kwa mililita 100. Kwa hiyo? Sikuwa nimemwambia msomaji kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa, wala kwamba maji ya kisima hicho hunywewa na watoto wa chekechea iliyo jirani.

Tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema, nilichofanya, ukurasa. Usipokubaliana naye, andika sababu kwenye safu ya kati, anaweza kukubali. Rudisha ndani ya wiki, kabla hajasahau alichosema, na jina la faili liwe na tarehe. Faili linaloitwa "mwisho kabisa mpya 2" limeshamfanya mtu abaindi rasimu ya zamani.

Kiingereza changu ni cha kuchechemea, na tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza.

Uko na wengi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii: yaseme matokeo yako kwa Kiswahili, kwa sauti, kana kwamba unamweleza mama yako, na ujirekodi kwenye simu. Kuna mwanafunzi aliniletea kurasa mbili za mjadala zilizojaa maneno mazito, sikuona kitu ndani yake. Nikamwambia aweke karatasi chini anieleze. Akasema: "Visima vya karibu na choo vina bakteria wengi kuliko vya mbali, isipokuwa cha 7. Hicho kiko karibu lakini kimejengewa saruji mpaka chini." Mjadala wake wote ulikuwa humo. Aliugeuza Kiingereza kwa sentensi fupi fupi, na ndio uliompitisha.

Turnitin, programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, imetoa asilimia kubwa. Na ChatGPT je?

Kikomo cha asilimia kinawekwa na chuo chako. Asilimia yenyewe si wizi, kwani maelezo ya mbinu ya kuchuja maji hufanana kila mahali. Angalia rangi za sehemu zilizofanana ziko wapi. Zikiwa kwenye mjadala, hapo umekopi.

Programu za akili unde hutunga marejeleo yanayoonekana ya kweli kabisa: mwandishi, jarida, mwaka, na makala haipo. Kanuni yangu ni fupi: usirejelee makala ambayo PDF yake huna na hujaifungua. Makala za kulipia zinaweza kupatikana bure kupitia maktaba ya chuo chenye Research4Life, mpango wa kufungulia vyuo vya nchi maskini majarida ya kulipia, na tovuti ya AJOL ina majarida mengi ya Afrika. Ikishindikana, mwandikie mwandishi. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anataka kuwasoma.

Kuna kijana wa steshenari anaandika tasnifu nzima kwa bei ya bumu moja, yaani mgawo mmoja wa mkopo.

Mwache achape na kubaindi. Watahini hawakuulizi kilichoandikwa, wanauliza kwa nini. Hapo kijana wa steshenari hayupo.

Pesa zitatoka wapi?

Fungua mgawanyo wa mkopo wako wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, uone umepangiwa nini hasa, maana wengi huishi kwa kusikia kwa wenzao. Muulize msimamizi mapema, mwezi wa kumi na moja na si wa tano, kama ana mradi wenye masazo ya vitendanishi. Shirikianeni wawili watatu kununua kopo moja la agari, kwani hata mkilitumia wote huenda likabaki. Nauli ya fildi ndiyo humaliza watu, kwa hiyo panga visima kwa njia ya daladala na si kwa namba.

Msimamizi anataka "tuonane" nje ya ofisi ndipo asaini.

Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe hata mmoja. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, nenda dawati la jinsia la chuo, au piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, bure. Kubadilishiwa msimamizi kunawezekana hata mwezi wa mwisho, usiamini anayekuambia kwamba utadisko, yaani utaondolewa chuoni. Na anayeomba "hela ya soda" ili asome rasimu yuko kwenye sheria ile ile.

Kwenye utetezi, unapoitetea tasnifu mbele ya watahini, wanauliza nini?

Kwa nini 12? Kwa nini mita 15? Ungerudia leo, ungebadilisha nini? Hayo matatu yaandalie majibu, mengine yatatoka kwenye kurasa zako.

Mimi niliulizwa moja sikulitegemea: "Umejuaje kwamba hawa ni E. coli?" Kichwa cha tasnifu yangu kilisema E. coli, bakteria mmoja tu kati ya koliformi wa kinyesi. Lakini makoloni ya buluu kwenye agari niliyotumia, kwa nyuzi 44.5, yanakwambia koliformi wa kinyesi, na ili kusema E. coli ilinibidi nithibitishe, kwa mfano kwa kipimo cha indoli, kemikali ambayo E. coli huitoa. Sikuwa nimefanya. Nikasema, "Sikuthibitisha, kichwa kinatakiwa kubadilika." Kimya. Kisha mtahini akaandika kitu na kuniuliza swali jingine. Baadaye msimamizi aliniambia kwamba alama nilizipatia pale. Yeye mwenyewe lilikuwa limempita.

Naweza kuichapisha?

Ukiwa na data safi, inawezekana, na jina la msimamizi litakuwemo. Kubalianeni mpangilio wa majina kabla ya kuanza kuandika makala, kwa barua pepe. Tegemea kukata kurasa 60 zibaki 10.

Nibaindi nakala ngapi, na msimamizi nimwachie nini?

Idadi na rangi ya jalada ziko kwenye mwongozo. Usibaindi kabla masahihisho ya utetezi hayajasainiwa. Msimamizi mwachie nakala yake, faili la data ghafi, na daftari, kwani kwa kawaida daftari ni la maabara. Rudisha funguo. Safisha rafu yako kwenye friji, kila kilichobaki kipite otoklevu ndipo kimwagwe.

Mimi nilisahau chupa mbili, hazina hata jina. Miaka minne baadaye nilirudi kufanya kazi kwenye maabara ile ile, nikafungua friji kutafuta agari, nikazikuta nyuma kabisa. Zilikuwa na kikaratasi shingoni, kimeandikwa kwa penseli, mwandiko wa yule mzee fundi sanifu: "Za yule wa visima. Mtu asitupe."